Urithi wa uchawi

Urithi wa uchawi ni imani kwamba uwezo wa kuroga, au dawa na vifaa vya kurogea, hupita ndani ya ukoo kutoka kwa mzazi, bibi au babu kwenda kwa mtoto au mjukuu. Imani hiyo imeenea katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, na kwa namna tofauti imejulikana pia Ulaya na Asia. Katika fasihi ndiyo kiini cha aina moja ya riwaya za vijana inayopendwa sana: hadithi nyepesi, mara nyingi ya kuchekesha, ya kijana anayegundua kwamba yeye mwenyewe, mama yake au bibi yake ni mchawi.

Makala hii inaeleza imani hiyo hasa kwa mfano wa Unyamwezi na njia ya zamani ya misafara iliyopita Tura, mkoani Tabora, halafu inaeleza jinsi waandishi walivyoitumia. Swali moja linarudi katika historia, katika sheria na katika riwaya: je, mtoto anabeba kosa la mzazi wake?

## Maneno

Kwa Kiswahili, mchawi ni mtu anayedhaniwa kuwadhuru wengine kwa siri kwa kutumia dawa, maneno au nguvu zisizoonekana. Kitendo chake huitwa kuroga au kuloga. Mchawi anayesemekana kutembea na kucheza usiku huitwa pia mwanga (wingi: wanga). Katika Kinyamwezi na Kisukuma uchawi ni *bulogi*, neno lenye asili moja na kitenzi cha Kiswahili "kuloga".

Mchawi si sawa na mganga. Mganga hutibu, hupiga ramli na hutoa kinga. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma mtaalamu huyo huitwa *mfumu* (wingi: *bafumu*). Hata hivyo mpaka kati ya wawili hao haukuwa wazi siku zote, kwa sababu anayejua dawa ya kuponya hudhaniwa kujua pia dawa ya kudhuru.

Lugha yenyewe imehifadhi wazo la urithi. Mganga huweka dawa zake katika mkoba, na anayechukua nafasi yake baada ya kifo husemwa kuwa "amerithi mikoba". Siku hizi msemo huo hutumika katika magazeti kwa waziri mpya au kocha mpya wa timu ya mpira, na watumiaji wengi hawafikirii tena asili yake.

Methali nazo zinapingana juu ya jambo hili. "Mtoto wa nyoka ni nyoka" inadai kwamba tabia hufuata damu. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" inadai kwamba malezi ndiyo yanayomjenga mtu. "Mchawi mpe mwana kulea" inashauri kumkabidhi mtoto mtu yuleyule anayeogopwa. Maana yake ni kwamba mchawi akishakuwa mlezi, dhamana itamzuia asidhuru. Mtoto akipatwa na lolote, yeye ndiye atakayeulizwa.

## Tura na njia ya misafara

Tura ni kata ya Wilaya ya Uyui katika Mkoa wa Tabora. Katika karne ya 19 ilikuwa kituo cha kwanza cha Unyamwezi kwa misafara iliyotoka pwani. Wapagazi walioanza safari karibu na Bagamoyo walipita Uzaramo, milima ya Usagara na nchi ya Ugogo, kisha wakavuka Mgunda Mkali, pori lenye shida ya maji na chakula. Baada ya pori hilo walifika Tura, wakapata mashamba na vijiji, na siku chache baadaye walifika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo.

Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipita hapo mwaka 1857 pamoja na John Hanning Speke. Aliandika kwamba jina la Tura lina maana ya "weka chini", yaani tua mzigo. Henry Morton Stanley alipita Tura mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 biashara ya misafara ya miguu ilikuwa inaelekea mwisho, lakini njia ya reli ilifuata kwa kiasi kikubwa mwelekeo uleule wa kutoka pwani kwenda bara.

Njia hiyo ilibeba pembe za ndovu, vitambaa, shanga na watu waliotekwa utumwani. Ilibeba pia lugha, dawa, nyimbo na hofu. Mganga aliyetoka mbali aliheshimiwa kuliko wa nyumbani, na dawa ya nchi nyingine ilidhaniwa kuwa na nguvu zaidi.

Kitabu cha Burton kilichotoka mwaka 1860 kina ushuhuda muhimu kuhusu urithi wa uchawi. Burton aliwaandika Waafrika kwa dharau, na hukumu zake nyingi hazikubaliki leo. Lakini katika sehemu ya njia karibu na pwani, hasa Uzaramo, alieleza alichokiona kwa macho: marundo ya majivu kando ya njia, yenye mabaki ya mifupa, mahali ambapo watu waliohukumiwa kwa uchawi walichomwa moto. Karibu na baadhi ya marundo ya mume na mke palikuwa na rundo dogo zaidi. Hilo lilikuwa la mtoto wao, aliyeuawa ili asikue na kufuata njia ya wazazi wake.

Rundo hilo dogo ndilo linaloonyesha imani ya urithi wa uchawi ikifikishwa mwisho wake. Mtoto hakushtakiwa kwa jambo alilolitenda. Alihukumiwa kwa jambo alilodhaniwa kuwa atalitenda, kwa kuwa alikuwa mtoto wa fulani.

## Ukoo, uganga na uchawi Unyamwezi

Dini ya jadi ya Wanyamwezi iliweka mababu katikati. Mizimu ya ukoo ilidhaniwa kufuatilia maisha ya walio hai, na watoto walipewa majina ya mababu ili wakumbukwe. Mtu alipougua au alipokosa mtoto, familia ilikwenda kwa mfumu ili ajue chanzo. Njia mojawapo ya ramli ilikuwa kumpasua kuku na kusoma alama katika mwili wake. Jibu liliweza kuwa mzimu uliosahauliwa, au mtu aliye hai mwenye kijicho.

Uganga wenyewe hufikiriwa kuwa urithi. Katika masimulizi mengi ya waganga wa Unyamwezi na Usukuma, mtu huanza kwa kuugua ugonjwa usioeleweka au kuota ndoto. Ramli huonyesha kwamba babu au bibi aliyekuwa mganga anamtaka mjukuu achukue kazi yake. Anayekataa huendelea kuugua. Anayekubali hupelekwa kujifunza kwa mganga mwingine.

Uchawi hufikiriwa kwa namna inayofanana, ila upande wa giza. Dawa husemwa kuwa hupitishwa kwa siri kutoka kwa mzazi au bibi kwenda kwa mtoto aliyechaguliwa. Kwa hiyo katika ukoo mmoja kuna urithi wa aina mbili, mmoja wa kujivunia na mwingine wa kufichwa, na kutoka nje ni vigumu kuutofautisha mmoja na mwingine.

Mwanaanthropolojia R. G. Abrahams, aliyefanya utafiti Unyamwezi kuanzia miaka ya 1950, pamoja na watafiti wengine wa eneo hilo, walionyesha kwamba shutuma za uchawi huwaangukia zaidi watu wa karibu: ndugu, wake wenza, wakwe na majirani. Mgeni wa mbali hana sababu ya kumwonea mtu wivu. Anayejua mavuno yako, ng'ombe wako na watoto wako ndiye anayeshukiwa. "Kikulacho ki nguoni mwako" ni methali inayosema jambo hilohilo.

### Utani

Pamoja na hofu hiyo, jamii za njia ya misafara zilikuwa na dawa nyingine, nayo ni utani. Utani ni uhusiano unaoruhusu watu kutukanana, kunyang'anyana vitu vidogo na kucheka bila kukasirika. Unaambatana na wajibu: watani husaidiana wakati wa shida na hufanya kazi katika misiba. Wanyamwezi wana utani na Wasukuma, na pia na makabila ya karibu na pwani kama Wazaramo, ambao walikutana nao katika safari. R. E. Moreau alichapisha uchunguzi wake kuhusu utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na Stephen Rockel katika kitabu chake cha mwaka 2006 alieleza nafasi yake kati ya wapagazi.

Utani upo pia ndani ya nyumba, kati ya babu au bibi na mjukuu. Mjukuu wa kiume anaweza kumwita bibi yake "mke wangu", naye bibi akamjibu kwamba hataki mume asiye na meno yote. Mambo ambayo mtoto hathubutu kumwambia baba yake, humwambia bibi kwa mzaha. Kati ya watani hata neno zito kama "mchawi" linaweza kutamkwa na likaishia katika kicheko.

Neno hilohilo likitoka kwa mtu asiye mtani, au likitamkwa na mpiga ramli mbele ya wafiwa, si mzaha tena.

## Katika jamii nyingine

Mfano unaojulikana zaidi katika taaluma ni wa Waazande, wanaoishi kaskazini mwa Kongo na Sudan Kusini. E. E. Evans-Pritchard alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1937 kwamba Waazande waliamini uchawi, *mangu*, ni kitu kilichomo mwilini. Baba huwarithisha wana wa kiume, na mama huwarithisha mabinti. Kwa kufuata hoja hiyo, mtu mmoja akithibitishwa kuwa mchawi ukoo wake wote wa kiume ungepaswa kuwa wachawi. Waazande hawakufika huko. Mara nyingine ndugu zake walijiokoa kwa kusema kwamba aliyethibitishwa hakuwa mtoto halali wa baba yake.

Kwa Wanyakyusa wa kusini mwa Tanzania, Monica Wilson alieleza mwaka 1951 imani kwamba mchawi ana chatu tumboni, na kwamba hali hiyo hurithiwa. Lakini walikuwepo pia walinzi wa kijiji waliodhaniwa kuwa na nguvu ya namna hiyohiyo, na kazi yao ilikuwa kupambana na wachawi usiku. Nguvu moja ilikuwa na matumizi mawili, na tofauti ilikuwa katika uamuzi wa mwenye nayo. Wazo hilo linakaribia sana lile la riwaya za vijana za leo.

## Katika masimulizi ya mdomo

Hadithi za wachawi magharibi mwa Tanzania zina viungo vinavyojirudia. Mchawi hupanda fisi usiku kama mtu apandavyo punda. Husafiri kwa ungo. Huwachukua watu wanaodhaniwa kufa na kuwafanya misukule (kwa Kisukuma *litunga*), ambao humlimia shamba usiku. Kwa hiyo mwenye mavuno makubwa kuliko jirani zake anaweza kujikuta akisemwa.

Hadithi hizo hutisha na kuchekesha kwa pamoja. Fisi ni mnyama mlafi na mpumbavu katika ngano za Kiswahili, na mchawi anayemtegemea kwa usafiri huwa hatarini kila penye mfupa njiani. Mchawi aliyekawia kurudi na kukutwa na mapambazuko juu ya paa la watu, bila nguo, ni kichekesho kinachosimuliwa sehemu nyingi za Tanzania kama tukio la kweli lililotokea kijiji cha pili.

Msimulizi wa jadi wa hadithi hizo mara nyingi ni bibi, jioni, akiwa na wajukuu. Anayeeleza jinsi wachawi walivyo ni mwanamke mzee, yaani mtu wa umri na jinsia ileile inayoshukiwa zaidi kuwa mchawi.

## Katika riwaya ya Kiswahili

Riwaya ya Kiswahili imelitazama jambo hili zaidi kwa uzito kuliko kwa kicheko.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), alimleta mpelelezi Bwana Msa, ambaye hutumia akili mahali ambapo wengine wanaogopa mzimu. Katika riwaya hiyo hofu ya mambo yasiyoonekana inaficha uhalifu wa binadamu. Mtindo wake ni mwepesi na wenye ucheshi.

*Mirathi ya Hatari* ya C. G. Mung'ong'o, iliyochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1977, ndiyo riwaya ya Kiswahili inayogusa mada hii moja kwa moja. Kijana aliyesoma anarithishwa uchawi na baba yake. Urithi unaotakiwa kuwa heshima ya mtoto kwa mzazi unakuwa mtego, na jina la kitabu linaeleza msimamo wa mwandishi.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945 kisa kirefu cha Myombekere na mkewe Bugonoka. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1980, na alifariki mwaka 1981. Wahusika wake hawana mtoto, ndugu wa mume wanamsema vibaya mke, na wakwe wanamchukua binti yao. Suluhu inapatikana kwa mapatano ya familia, pombe ya ndizi na matibabu ya mganga. Kitabu hicho kinaonyesha upande wa kawaida wa maisha ambayo mara nyingi huonekana kupitia uchawi tu: ukoo wenye ugomvi, mganga mwenye ujuzi, na watu wanaopenda watoto.

Gabriel Ruhumbika, aliyezaliwa Ukerewe na kutafsiri kitabu cha Kitereza kwa Kiingereza (2002), aliandika pia riwaya ya Kiswahili *Janga Sugu la Wazawa*, inayokosoa imani za uchawi na madhara yake.

## Katika riwaya na filamu kwa ajili ya vijana

Nje ya Kiswahili, urithi wa uchawi umekuwa mada ya furaha katika vitabu vya vijana.

Mwandishi Mjapani Eiko Kadono alichapisha mwaka 1985 riwaya kuhusu Kiki, msichana wa miaka 13. Mama yake ni mchawi, baba yake ni mtu wa kawaida anayechunguza hadithi za jadi. Katika ulimwengu wa kitabu hicho binti wa mchawi huchagua mwenyewe kama atafuata kazi ya mama. Akikubali, anapofika miaka 13 huondoka nyumbani na kwenda kuishi mwaka mmoja katika mji usio na mchawi. Uchawi wenyewe umepungua kizazi hadi kizazi: mama anajua kuruka kwa ufagio na kutengeneza dawa ya chafya, binti amejifunza kuruka tu. Anajipatia riziki kwa kupeleka mizigo ya watu. Hayao Miyazaki alitengeneza filamu ya katuni kutokana na kitabu hicho mwaka 1989, na Kadono alipata Tuzo ya Hans Christian Andersen mwaka 2018.

*Akata Witch* (2011) ya Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, iko karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki. Mhusika mkuu, Sunny Nwazue, ana miaka 12. Alizaliwa New York, sasa anaishi Aba, Nigeria, na ana ualbino. Pamoja na marafiki zake Orlu, Chichi na Sasha anagundua kwamba ni mmoja wa Watu wa Chui, jumuiya ya siri ya wenye uwezo wa kichawi. Wazazi wake hawamo katika jumuiya hiyo. Uwezo wake umeruka kizazi kimoja na kutoka kwa bibi mzaa mama, ambaye familia haitaki kumzungumzia. Watoto hao wanne wanatakiwa kumzuia muuaji wa watoto aitwaye Black Hat Otokoto.

Ingawa kisa kina hatari, kitabu kimejaa mambo ya kuchekesha. Kila mtu anapojifunza kitu kipya, fedha za chuma huanguka kutoka hewani, hivyo mvivu wa kusoma hubaki maskini. Kuna nyigu msanii anayejenga sanamu ndogo na kukasirika asiposifiwa. Toleo la Cassava Republic la mwaka 2013 lilibadilishwa jina kuwa *What Sunny Saw in the Flames*. Kitabu cha pili kilitoka mwaka 2017 na cha tatu mwaka 2022.

Filamu *I Am Not a Witch* (2017) ya Rungano Nyoni, mzaliwa wa Zambia aliyekulia Wales, inatumia kicheko kwa namna nyingine. Msichana mdogo anashutumiwa kuwa mchawi na kupelekwa kambini pamoja na wanawake wazee. Anafungwa utepe mrefu na kuambiwa kwamba akiukata atageuka mbuzi. Watazamaji wanacheka maofisa na mashahidi wa uongo, huku mtoto akibaki bila ukoo wa kumtetea zaidi ya wale bibi wa kambini.

### Sifa za pamoja

Kazi nyepesi za aina hii zina sifa kadhaa zinazofanana:

* Siri ya familia. Kuna bibi au shangazi asiyetajwa mezani, na kijana hugundua sababu.
* Urithi wenye hiari. Damu humpa kijana uwezo, lakini haimpi tabia. Yeye ndiye anayeamua atautumiaje.
* Kazi ya nyumbani. Uchawi hauondoi wajibu wa shule, jikoni wala adabu kwa wakubwa, na ucheshi mwingi hutoka hapo.
* Adui wa kweli. Anayedhuru watoto ni mtu mwenye tamaa ya mali au madaraka, si mtu mwenye sura tofauti.

Sifa ya pili ndiyo muhimu zaidi. Inakubali nusu ya imani ya kale, kwamba kitu hupita ndani ya ukoo, na inakataa nusu nyingine, kwamba mtoto lazima awe kama mzazi.

## Imani nje ya vitabu

Mada hii haiwezi kuchukuliwa kama mchezo tu katika mikoa ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa, kwa sababu shutuma za uchawi zimeua watu wengi huko. Utafiti wa Simeon Mesaki ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa sababu zilizohusishwa na uchawi. Sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa Usukumani, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Wengi waliolengwa walikuwa wazee. Macho mekundu yalichukuliwa kuwa dalili ya uchawi, ingawa mara nyingi yalitokana na miaka mingi ya kupika penye moshi wa kuni au samadi. Nyuma ya shutuma nyingi kulikuwa na ugomvi wa ardhi, mifugo au urithi wa mali ndani ya familia.

Sungusungu, vikundi vya ulinzi vilivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mpaka wa Tabora na Shinyanga ili kupambana na wezi wa ng'ombe, katika baadhi ya vijiji viliwatenga au kuwafukuza pia wanawake walioshukiwa. Watu wanaozunguka vijijini wakidai kuwafichua wachawi hujulikana magharibi mwa nchi kwa majina kama Kamchape na Lambalamba.

Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 yaliongezeka mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na madai kwamba viungo vyao huleta utajiri. Hapa aliyeuawa hakuitwa mchawi, alifanywa dawa. Baadhi ya matukio yaliwahusisha ndugu wa waathirika. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi. Tangu mwaka huo tarehe 13 Juni huadhimishwa na Umoja wa Mataifa kuwa siku ya uelewa kuhusu ualbino. Kwa msomaji anayeijua historia hiyo, kumweka msichana mwenye ualbino kuwa shujaa wa hadithi ya wachawi, kama alivyofanya Okorafor, si pambo dogo.

Watoto pia hushutumiwa. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tangu miaka ya 1990 watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, mara nyingi baada ya kifo cha mzazi au umaskini kuingia katika familia. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ilifanya kumshutumu mtoto kwa uchawi kuwa kosa la jinai.

### Sheria

Tanzania ina Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, yenye asili katika sheria ya kikoloni ya mwaka 1928. Inakataza kujifanya mchawi na kumiliki vifaa vya uchawi kwa nia ya kudhuru. Inakataza pia kumtaja mtu kuwa mchawi, isipokuwa kwa kupeleka taarifa mbele ya mamlaka. Kwa hiyo mtoa shutuma naye anaweza kushtakiwa. Kosa ni la mtu binafsi; sheria haitambui ukoo wa wachawi.

Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalotaka nchi zikomeshe vitendo vya madhara vinavyotokana na shutuma za uchawi.

## Mjadala

Kuna maoni kwamba hadithi nyepesi za wachawi hazifai katika nchi ambako watu wanauawa kwa shutuma hizo, kwa kuwa zinathibitisha kwamba wachawi wapo. Hoja nyingine ni kwamba hofu hukua katika mambo yasiyosemwa, na kwamba msomaji aliyecheka pamoja na bibi wa kitabuni hawezi kwa urahisi kumwogopa bibi wa nyumba ya pili.

Hoja zote mbili zinategemea jinsi kisa kinavyoandikwa. Hadithi inayomfanya mwanamke mzee, maskini au mwenye macho mekundu kuwa adui inarudia shutuma ya kijijini. Hadithi inayompa jina, ukoo, ucheshi na mjukuu anayemtetea hufanya kazi ambayo utani umeifanya kwa muda mrefu katika njia ya Tura. Inalitamka neno la kuogopwa mahali ambapo halimletei mtu hukumu, wala halimfuati mtoto wake.

## Tazama pia

* Uchawi
* Uganga
* Utani
* Wanyamwezi
* Tura (Uyui)
* Ualbino
* Fasihi ya Kiswahili